Masikio ya Fundi Nyundo

Mwalimu mkuu alisimama mbele ya kioo cha mshonaji, akalivuta gauni lake chini, likagoma. Liliishia juu ya magoti.

"Nilisema uweke zipu," alisema kwa sauti ya mtu anayejizuia. "Nilimwachia mumeo ujumbe. Zipu."

Mshonaji akamgeukia mumewe, aliyekuwa kibarazani na redio yake inayopiga kelele kutwa. "Baba watoto! Si uliniambia amesema nilifanye fupi?"

"Ndiyo. Fupi," mume akajibu, akatabasamu kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Mshonaji alihisi damu inampanda kichwani. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Ilibidi anunue kingine kwa hela yake mwenyewe, amshonee mama wa watu gauni upya, huku anauma meno.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, alikuwa akinyoosha bodi za magari tangu ujana wake. Kugonga bati miaka yote hiyo kulimwachia mkono wa chuma na masikio mabovu. Sauti alizisikia, maneno ndiyo yaliyomponyoka. Tena aliwahi kutaja kwamba masikio yake yanapiga mluzi kama birika lililochemka, lakini alilitaja mara moja tu, halikurudi tena mdomoni mwake. Mkewe akigusia hospitali, jibu lilikuwa lile lile: "Nyie ndio mnanong'ona."

Safari hii alijiona mjanja. Akatoroka kwenda sokoni, akarudi na kidude cha kusikilizia cha bei ya kutupa amekichomeka sikioni. Akitafuna, kinapiga kelele. Akikishika, kinapiga kelele zaidi. Gereji, nyundo ilipotua kwenye bati mara ya kwanza, alikichomoa na kukitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Unaona? Hela ya bure," alimwambia mkewe. "Mambo yameisha."

"Hayajaisha. Vaa viatu."

Hospitalini, mtaalamu wa masikio, dada mpole mwenye miwani, alimweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio.

"Mlio upi?" Nyundo akauliza. "Wako au wangu?"

Mshonaji alifunika uso kwa mikono. Lakini mtaalamu hakucheka. Aliandika kitu, akaendelea. Baadaye akawaeleza wote wawili: usikivu uliopotea haurudi, ila mashine za kusikia zingemsaidia kuyapata maneno. Mluzi nao hauna dawa ya kuufuta; wengi hupata ahueni sauti za nje zikianza kuingia vizuri, wengine hupata kidogo tu. Kwa hiyo angemwazima mashine mbili ajaribu nyumbani kwanza. Kisha akataja bei.

"Hiyo si pikipiki?" Nyundo akaruka.

"Pikipiki itakuambia mteja amesema nini?" mkewe akamkata.

Nyumbani, mshonaji alitegemea shukrani. Alipata malalamiko. Mfuko wa plastiki unachakarisha. Kijiko kinagonga kikombe. Cherehani, iliyowalisha na kuwasomeshea watoto, eti inapiga kelele kama trekta.

"Jizee hili lina kichwa kama jiwe," alijisemea chinichini huku akitunga uzi kwenye sindano, kama alivyozoea.

"Nimesikia."

Uzi ukamponyoka. Akainua macho. Mumewe alikuwa anamtazama.

"Kumbe ndivyo unavyoniita?"

"Leo tu," alidanganya. Halafu hasira zikamzidi. "Na wewe je? Miaka mingapi naongea na mgongo wako? Naongea, unaongeza redio! Mtu gani anamfanyia mkewe hivyo?"

Nyundo alipapasa magoti yake.

"Siongezi ili nisikusikie," akasema. "Kukiwa kimya, huu mluzi unanila kichwa. Redio inaufunika. Ningekwambia nini? Huuoni, huusikii. Ungesema natafuta kisingizio."

Mshonaji alitaka kubisha, lakini alijijua. Ni kweli angesema hivyo. Ilimuuma, na zaidi ilimuudhi kwamba mtu anaweza kubeba mzigo wa namna hiyo kitanda kimoja na yeye, asimwambie.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa uko mbali kidogo. Kama birika la jirani."

Siku ya kurudisha mashine, Nyundo alianza kupatana bei kana kwamba ananunua bampa. Mkewe alitamani sakafu ipasuke immeze. Mtaalamu alisema bei ni hiyo hiyo.

"Basi nichukue moja. Sikio moja linatosha."

"Jaribu," mtaalamu akasema, akamchomolea ya kushoto.

Nyundo akatulia akisikiliza. Taratibu uso ukamkunjamana, akainamisha kichwa upande ule kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni.

"Irudishe," akasema. "Nipe zote." Akatoa hela alizokuwa akiwekea mashine mpya ya kupulizia rangi, akazisukuma mezani bila kuzitazama.

Walitoka nje. Mshonaji alikuwa ameanza kulainika, hata akafikiria kumshika mkono, mume aliposimama ghafla katikati ya njia.

"Viatu vyako vinalia."

"Vinalia tangu nivinunue."

"Vinakera."

"Zoea," mkewe akasema, akatangulia, akikanyaga kwa nguvu.