Njia ya Habari na Njia ya Amri

Damu iliganda katika shina la ubongo la Mzee Volti asubuhi moja alipokuwa akifunga kamba za viatu. Shina lenyewe ni dogo, unene wake kama kidole gumba, lakini ndipo ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Amri zote za kwenda mikononi, miguuni na mdomoni hupita hapo, upande wa mbele. Zikakatika zote kwa mpigo mmoja. Upande wa nyuma, zinakopita habari za kupanda juu, yaani joto, baridi, mguso na maumivu, haukudhurika. Masikio yalibaki. Akili ilibaki, tena kali kama zamani. Katika mwili mzima vilivyoendelea kumtii ni kope na mboni za macho, nazo mboni kwa kupanda na kushuka tu.

Hospitali hawakuliona hilo. Walimwita hakuitika, wakamwinua mkono ukaanguka. Wakamrudisha nyumbani kwa mwanawe wa kiume, fundi umeme kama yeye.

Fundi alimlaza chumba cha nyuma, katikati ya mabunda ya nyaya, maboksi ya swichi na ngazi ya mabati.

"Si alikuwa anasema atafia kazini?" alimwambia jirani aliyekuja kutoa pole. "Basi nimemlaza kazini."

Jirani alicheka, kisha akaziba mdomo.

Mzee alimfundisha kazi mwanawe kwa namna yake. Kijana alipokosea kuunga, mzee alimkamata kiwiko akamgusisha waya wenye moto, wateja wakitazama. "Umeme haufundishwi kwa mdomo," alikuwa akisema, na wateja walishika mbavu. Ndipo wakambandika jina la Volti, naye akalivaa kama cheo.

Muuguzi alikuja kusafisha kidonda cha mgongoni. Alipomaliza alikwaruza unyayo wa mgonjwa kwa ncha ya ufunguo. Mguu ukajikunja.

"Ala! Umeruka!" Fundi alisema.

"Hiyo ni kazi ya uti wa mgongo. Habari ikitoka unyayoni, uti unajibu hapohapo, haungoji ubongo. Wewe ukishika sufuria ya moto, unatoa mkono kwanza, halafu ndiyo unapiga kelele."

"Kwa hiyo hasikii kitu."

"Sijasema hivyo, kaka yangu. Nimesema mguu hauwezi kutuambia."

Fundi alilichukua neno la kwanza, la pili akaliacha palepale. Yeye alizijua nyaya. Taa isipowaka, huna haja ya kuuliza: moto haufiki. Mkono usiosogea, kwake, ulikuwa taa iliyozimika, na haikumpitia akilini kwamba katika mwili kuna njia ya kwenda na njia nyingine kabisa ya kurudi.

Tangu siku hiyo alimfanya baba yake meza. Alipokuwa akitengeneza feni alitua kikombe cha chai ya moto kifuani pa mzee, na koleo tumboni. Maji ya kumwogeshea aliyamimina kutoka kwenye birika bila kuyapoza, maana ya moto huondoa harufu upesi. Mzee Volti alisikia kila tone. Habari zilipanda kutoka kwenye ngozi hadi utini, kutoka utini hadi ubongoni, zikafika salama, na ubongo ukatoa amri ya kupiga ukelele. Amri ikaishia njiani.

Siku moja Fundi alikamua kitambaa cha maji ya moto juu ya kifua cha baba yake, akaona macho yanapanda darini, yanashuka, yanapanda tena. Machozi yakatiririka hadi masikioni. Akasimama na kitambaa mkononi.

"Mzee? Upo? Kama upo, angalia juu."

Macho yakapanda.

"Kama wewe ni mwanamke, angalia juu."

Macho yakashuka, yakabaki huko.

Fundi aliketi juu ya boksi. Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na pumzi. "Kumbe upo, baba. Siku zote hizi upo." Alimfuta machozi kwa kiganja, taratibu, na mzee akadhani mambo yamekwisha.

"Nikuulize. Ule waya. Ulikuwa unajua unaniuma?"

Mzee Volti angeweza kushusha macho. Lakini alikuwa mtu wa majivuno, na hakuwahi kumwogopa mtoto wake hata siku moja. Macho yakapanda juu moja kwa moja.

Simu ya Fundi ililia kabla hajasema neno. Alikuwa dada yake mshonaji, aliyemtembelea baba kila Jumapili. Fundi akaweka sauti ya nje.

"Kaka, nimeongea na muuguzi. Kuna wagonjwa wa hivi wanajibu kwa macho! Jumapili nakuja kumjaribu. Akijibu namchukua, akae kwangu."

"Njoo, mdogo wangu. Baba atafurahi," Fundi alisema, akimtazama mzee.

Mzee alizisubiri siku zipite. Jumapili asubuhi Fundi alimpaka marhamu machoni, akaweka pamba, akafunga kwa plasta pana.

"Jamani, macho tena?" dada yake alilalamika.

"Yanakauka. Ukibandua yatapasuka, utamfanya kipofu bure. Mimi nimeshamjaribu, dada. Hakuna kitu mle."

Binti alimkata baba yake kucha. Alimpaka mafuta mikono, akamsimulia habari za cherehani mpya, sauti ikizidi kupungua.

"Nilijipa moyo tu," alisema mlangoni. "Kama hayupo, hayupo. Kaka, sitaweza kuja kila wiki. Napata uchungu."

"Pumzika, mdogo wangu. Niachie mimi."

Lango lilipofungwa Fundi alirudi, akabandua plasta.

"Bado hajafika kituoni," alisema. "Sema unajuta, nimwite sasa hivi."

Macho yakapanda. Yakashuka, yakapanda, yakashuka, yakapanda, na safari hii hayakuwa na majivuno yoyote ndani yake.

Fundi aliinama akayachungulia kwa karibu, kama anayetafuta ufa kwenye kioo. Jicho linalopanda kwa majuto na jicho linalopanda kwa woga, mwendo wake ni mmoja. Alishika simu muda mrefu.

"Unaogopa tu," alisema hatimaye. Aliirudisha simu mfukoni, akakata kipande kipya cha plasta kwa meno, akaanza na jicho la kushoto.