Kidole Kilicholiwa na Chaki

Mashine ilikikataa kidole changu. Nikakifuta kwenye sketi, nikakibandika tena kwenye kioo chake kidogo. Taa nyekundu. Nikajaribu cha mkono wa pili. Nyekundu.

"Kaoshe mikono, mwalimu," alisema karani wa dirisha la bima pale hospitalini.

Nikaenda. Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwa kusitasita, sabuni hakuna. Nikarudi. Nyekundu vilevile.

Nyuma yangu mume wangu alikuwa amejiinamia kwenye benchi, miguu imevimba hadi viatu vimekataa, amekuja na ndara. Figo zilishamgomea. Leo ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu, na matibabu yake yanapitia bima yangu ya ualimu. Bila kidole changu, haingii. Kila mwisho wa mwezi watu wa bima hukata chao kwanza kwenye mshahara, mimi nipewe kilichobaki, na siku hiyo hakuna anayeniuliza kidole.

"Alama za vidole zimefutika," karani akasema. "Ni chaki hiyo. Nyie walimu wa darasa la kwanza mnatusumbua kweli."

Tunawasumbua! Tangu ujana wangu nafuta ubao kwa kiganja, maana kifutio shuleni kwetu ni hadithi tu.

Mara akatokea mwalimu mkuu wetu, kafuata miwani. Huyo hajagusa chaki tangu apewe ofisi. Akapitisha mkono juu ya bega langu, akabonyeza kile kioo, taa ikamwakia kijani papo hapo. "Pole, mwalimu," akasema, akaenda zake na kidole chake laini kama cha mtoto mchanga.

Nikamgeukia karani. "Mwanangu, si mimi niliyekufundisha? Si niliushika mkono huohuo ukaandika jina lako?"

"Nakujua, mwalimu. Nani asiyekujua? Ila mashine ndiyo haikujui."

"Basi iambie."

"Haiambiwi."

Mume wangu akacheka kwa tabu. "Kumbe miaka yote nimeoa mtu asiyekuwepo." Alitaka kunichekesha, maskini. Pumzi ikamkatikia katikati, akalishika benchi kwa mikono yote.

"Mpokeeni kwanza," nikaomba. "Haya mengine nitayafuatilia."

"Utaratibu hauruhusu. Andika maelezo hapa, tutayapeleka makao makuu. Watajibu wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa mjane."

Akashusha macho, akanisukumia karatasi.

Nikaandika. Niliandika kwa hasira, lakini herufi zilikaa juu ya mstari kama nilivyozizoeza. Karani akaichukua karatasi, akaitazama, uso ukamchangamka kama mtoto aliyewekewa alama ya vema.

"Mwandiko ni uleule, mwalimu! Huu ningeujua popote."

Kisha akachukua muhuri, akaugonga juu ya jina langu: MWANACHAMA HAJATAMBULIWA.