Mafuta ya Bucha Ndani ya Ruta

Nilipoufungua ubavu wa ile kompyuta, mende walitoka kama wapangaji waliopewa notisi: bila haraka, wakinitazama kwa dharau.

Ilitoka kwenye bucha la shemeji, mume wa dada yangu. Miaka yote ilikaa kando ya gogo la kukatia nyama, ikihesabu kilo, na kila shoka lilipotua, chembe ya mafuta iliruka ikaingia ndani. Feni ilikuwa imevaa koti la shahamu lililoota vumbi kama manyoya ya panya. Nililigusa kwa ncha ya kidole, nikatamani kukitupa kidole chenyewe.

Nani alinituma? Mdomo wangu. Boksi letu la intaneti lilipoungua umeme uliporudi kwa kishindo, shemeji alisema atanunua jipya. Nikamwambia kopo la plastiki haliingii katika nyumba ninayolala mimi. Nitaunda ruta kwa mikono yangu, nileteeni tu hiyo mashine mbovu ya buchani.

“Mdogo wangu,” dada alisema, “Alhamisi asubuhi nina usaili wa video. Usinichezee.”

“Dada, kazi hesabu umeshaipata.”

Dada ni muuguzi. Tangu zahanati yake ifungwe alikuwa ameomba kazi kila mahali, na hospitali ya usaili huo ndiyo pekee iliyomjibu. Alihitaji kimya, na kimya kilikuwa chumba cha nyuma tu. Sebuleni, unakoingia waya wa intaneti, tumepakana ukuta na mchomelea mageti. Akianza kusaga chuma, hujisikii hata ukikohoa. Kompyuta yake ya mkononi haina tundu la waya, na simu kule nyuma hukatakata maneno kama kigugumizi. Kwa hiyo ilibidi ruta yangu irushe mtandao hewani, upenye kuta, umfikie.

Kwa fundi wa spea nilinunua kadi mbili za waifai zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa. Niliziweka kwenye meza ileile nilipoifungulia kompyuta, nazo zikachafuka kwa mafuta. Nikazisugua kwa spiriti, uso nimeugeuzia pembeni, pumzi nimeibana. Vibandiko vyake vilivyoandikwa aina ya kadi viliteleza kama utando wa maziwa. Nikavirudisha upesi upesi, nikaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Kadi moja nikaifunga ndani ya mashine, nyingine nikaiacha mezani iwe ya akiba.

Alhamisi ikafika. Kioo cha mashine kikaniambia hakuna kadi ya kurusha mtandao.

Kila kadi ina draiva yake, programu inayoifundisha mashine kuzungumza nayo. Niliweka draiva ya jina lililokuwa kwenye kibandiko. Kimya. Nikaifuta, nikaiweka upya. Kimya. Draiva ya kadi ya pili nilikuwa nimeshaifungia nje kwa amri, isije ikaleta vurugu.

“Imba basi,” shemeji alisema, akijifuta mikono kwenye aproni yenye damu kavu. “Wewe si unajiita mshairi? Labda inataka wimbo.”

“Shemeji, nenda kakate matumbo.”

“Nikanunue lile kopo?”

“Ukilileta ninalikanyaga!”

Nikampigia fundi wa spea. “Mwizi wewe! Umeniuzia kadi mfu!”

“Kaka, nilizijaribu mbele yako.”

“Ulichojaribu ni uongo wako!” Nikakata. Nilijisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyetapika.

Dada akatoka chumbani, sare yake nyeupe ameipiga pasi, midomo imemkauka. “Wananipigia muda si mrefu. Ipo au haipo?”

“Nimeuziwa takataka.”

Aliinama juu ya kioo, akasoma orodha ya vifaa ambavyo mashine ilisema imeviona. “Mbona hapa inataja jina jingine?”

“Inadanganya. Imejaa mafuta mpaka kwenye akili.”

Akaiokota ile kadi iliyobaki mezani, akaisoma, akaigeuza. “Jina lenyewe ndilo hili. Na hiki kibandiko mbona kiko kichwa chini? Kiwandani wanabandika hivi?” Akaninyooshea, huku ametoa macho. “Ulivibandua?”

Kwa kinyaa changu cha kitajiri nilikuwa nimevibadilisha. Mashine ilisema kweli tangu asubuhi, na draiva iliyotakiwa nilikuwa nimeifungia mlango mimi mwenyewe.

Nikaifuta ile amri, nikawasha upya. Feni ikakoroma, ikanipulizia usoni harufu ya nyama ya juzi iliyopashwa moto. Halafu jina la mtandao wetu likatokea kwenye kompyuta ya dada. Akakimbilia nyuma, akafunga mlango.

Likapotea.

“Haipo!” alipiga kelele.

Waya wa antena ulikuwa umechomoka kwenye kadi. Kishikizo chake kililegea wakati nasugua. Niliukandamiza kwa kidole gumba, mtandao ukarudi. Nikauachia, ukakatika.

“Usiuachie!” shemeji alinikemea.

Basi nikakaa hapo, mkono ndani ya matumbo ya lile dude, mafuta yakilainika kwa joto na kuniteremkia kwenye kifundo cha mkono. Mchomelea alikuwa akisaga geti lake. Mende mmoja aliyerudi nyumbani alinipanda kidoleni, akanusanusa, akaingia kwenye mkono wa shati. Sikutikisika. Nilimhisi kwapani, akitafuta pa kulala. Shemeji alisimama mlangoni, ngumi ameitia mdomoni asicheke, machozi yanamtoka.

Kila mchomelea alipopumzika, niliisikia sauti ya dada kwa mbali, imetulia, ikieleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Mlango ulipofunguka, alikuja mbio, mikono wazi. “Wamenichukua! Mdogo wangu, wamenichu—” Akasimama ghafla, akautazama mkono wangu uliong’aa mpaka kiwikoni. “Kanawe kwanza.”

Nilisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikauma. Harufu haikutoka. Nilipogeuka kutoka kwenye karai, dada alikuwa ameninyooshea simu yangu, na namba ya fundi wa spea imeshapigwa.

“Halo?” sauti ilisema. “Kaka, unataka kunitukana tena?”

Nikameza kiburi, nikamwomba radhi. Ilikuwa chungu kuliko yale mafuta.