Fungu la Faraji

Jumanne moja baada ya magharibi, Faraji alikuwa amekaa kwenye chumba chake cha kupanga pale Chanika, Handeni, akitangaza mpira ambao haukuchezwa mahali popote ila ndani ya kompyuta yake. Aliwachezesha wachezaji kwa vidole na kuwatangaza kwa mdomo, kwa sauti ya redio ya zamani, na watu wa Mwanza, Mbagala na hata Maskati walimtazama kwenye simu zao wakicheka. Walimwita Kapteni. Mshambuliaji wake alikuwa amebaki na kipa peke yake, na Kapteni amekwisha kuvuta pumzi ya kupigia kelele goli, ndipo picha ikaganda. Iliganda mdomo wake ukiwa wazi. Watazamaji wakaanza kuandika: Kapteni umestaki. Kapteni meza mate. Mmoja aliandika kwamba ameona hadi jino lililotoboka.

Picha ilipozinduka, goli lilikuwa limeshaingia na hakuna aliyeliona. Ikaenda kidogo, ikakatika, ikaenda tena, sauti ikitangulia na midomo ikifuata nyuma. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama ilivyo desturi ya huko mtandaoni. Faraji akazima, akala chipsi zilizopoa, akalala.

Ugonjwa huo ulikuwa umeanza pale alipoanza kurusha michezo yake mubashara, na kila wiki ulizidi. Alikuwa amefanya yote ambayo mtu hufanya. Alipunguza ubora wa picha, akafunga programu nyingine zote, akabadilisha waya, akasogeza kifaa cha intaneti dirishani. Alihama mtandao wa simu, akautukana ule wa zamani, kisha akautukana na mpya. Alipuliza vumbi jekundu la Handeni, ambalo likiamua kuingia huingia hata kwenye soda iliyofungwa. Mchana kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Ikifika jioni, majirani wakianza kupakua chakula, inaganda.

Hakuwa na muda wa kusubiri. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliyoandaa mashindano ya gemu ilikuwa imemwandikia kwamba Jumamosi atangaze fainali kutoka hapohapo chumbani kwake. Akitangaza vizuri, kazi ya utangazaji ni yake. Picha ikikatika, wana mtu mwingine. Faraji aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mchana alikuwa akisajili laini za simu chini ya mwavuli karibu na stendi, akiwashika watu vidole gumba na kuvikandamiza kwenye mashine ya alama, na huko ndiko pekee alikogusana na binadamu. Jioni alirudi kwenye chumba chenye kiti kimoja. Wale wa kwenye simu zao walijua sauti yake na jino lake, lakini hakuna aliyejua mlango wake. Alikuwa mpweke, na alidhani kwamba picha ikitulia upweke nao utatulia.

Jumatano alipakia kompyuta kwenye bodaboda, akaipakata kuliko mtoto mchanga anavyopakatwa, mpaka kwa Joyceline. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa Korogwe, mjukuu wa wakata mkonge, na karakana yake ilikuwa mlango mmoja na cherehani za watu wengine. Aliipima joto, akapima umeme, akachomoa kumbukumbu na kuzirudisha, akaichezesha gemu zito mpaka alasiri. Haikuganda hata mara moja.

"Mashine yako nzima kuliko mwenyewe," alisema. "Umekonda, kaka. Kesho jioni nitakuja niione ikiwa kwako."

Alhamisi akaja. Faraji aliacha mlango wazi ili majirani wasije wakapata la kusema, akampa mgeni kiti, yeye akakalia ndoo iliyofudikizwa. Alianza kurusha mchezo. Adhana ya isha ilipokwisha, picha ikaganda. Hapohapo Joyceline akafungua ubavu wa kasha la kompyuta.

Ndani kulikuwa na bada. Lilikaa juu ya kadi ya picha, bonge zuri la ugali wa muhogo, linafuka moshi, na pembeni yake mboga ya mchunga. Feni ilikuwa ikijitahidi kuzunguka ndani ya mboga.

"Ndiyo maana," Joyceline alisema. Akaomba kitambaa. Kabla ya kufuta, alimega kidogo akaonja. "Mchunga wa tui la nazi. Huyu kapika kwa mkono wa nyumbani. Kwenu wapi?"

"Kerenge."

"Nani anakuwekea?"

"Mama."

Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Nyumbani kwa mama yake, Mama Zuena, kule Kerenge, maneno hayo hayakuwa na kazi. Kila jioni, akishapakua, alitoa kwanza fungu la Faraji, akaliweka kwenye bakuli lake la bati lenye ua jekundu, akalifunika kawa, ndipo yeye akala. Alifanya hivyo tangu siku mwanawe alipoondoka. Faraji alilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake, na hakuwahi kujiuliza chakula hicho huenda wapi.

"Fungu humfuata mtu pale alipojiweka," Joyceline alisema, akifuta kadi taratibu. "Wewe umejiweka humu. Babu yangu alikuja kutoka Kigoma, akawekwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Kila jioni akiifungua kuisafisha anakuta maharage ya mama yake. Nyapara akadhani anaiba jikoni."

"Akafanyaje?"

"Akala. We ungefanyaje?"

Faraji aliuliza dawa yake. Joyceline alisema dawa ni kwenda nyumbani, kufunua kawa kwa mkono wake mwenyewe, kula, kunawa na kumshukuru mpishi. Baada ya hapo fungu hutulia muda mrefu.

"Hakuna nyingine?"

"Ipo. Unamwambia asikuwekee tena. Hiyo sikushauri. Fungu la mtoto haliondolewi mpaka mtoto azikwe. Kwetu ni hivyo, na kwenu naona ni hivyohivyo." Akafunga kasha. "Kerenge si safari, kaka. Kesho asubuhi unapanda gari ya Korogwe, pale unachukua ya Magoma, adhuhuri uko kwenu. Jumamosi hiyo unarudi kutangaza."

Faraji alisema kesho ana mazoezi. Joyceline hakubishana naye, maana kazi yake ilikuwa kompyuta.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na ugomvi wowote. Hakuna aliyemfukuza, hakuna shamba waliloligombea. Aliondoka akisema atarudi akishajipanga. Mwaka wa kwanza hakuwa amejipanga, wa pili vilevile, na baadaye aibu ya kukaa sana bila kwenda ikawa ndiyo sababu ya kutokwenda. Wengi wanaijua aibu hiyo. Inanenepa kwa kulishwa siku, na haimuumi mtu mpaka aikumbuke.

Ijumaa baada ya swala alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nilijua utapiga. Jana umekuja vizuri, mpaka kifua."

"Nimekuja wapi?"

"Kwenye bakuli," Mama Zuena alisema. Akaeleza kwamba kwa muda sasa, akifunua kawa kabla ya kulala, chakula hakipo na badala yake anamkuta yeye. Siku nyingine ni bega, siku nyingine mdomo umefunguka, siku nyingine mkono unapita. Anakaa naye mpaka usingizi umshike, kisha asubuhi anaosha bakuli. "Maneno siyashiki, maana unakuja umekatikakatika. Lakini unacheka. Nikakwambia nenda kamwone daktari wa meno, sijui ulinisikia?"

Faraji alielewa sasa ni wapi vilikokwenda vipande vyote vya picha walivyovikosa watu wa Mwanza na Maskati. Roho ilimuuma, na ilimuuma kwelikweli, lakini fainali ilikuwa kesho.

"Mama, kesho nina kazi kubwa. Nakuomba usiniwekee chakula. Siku hiyo moja tu."

"Fungu haliachwi siku moja, Faraji. Linawekwa au linaondolewa."

"Basi liondoe, halafu utalirudisha."

Upande wa pili kulisikika kuku, na mtu akipita njiani akitoa salamu. Mama Zuena aliitikia ile salamu kwanza.

"Hao wanaokutazama ni wengi?"

"Wengi, mama."

"Na mimi nikiacha watakuona vizuri? Mzima mzima?"

"Wataniona."

"Haya," alisema mama yake. "Waache wakuone."

Jioni ile Mama Zuena alipika, akala, akaosha bakuli lenye ua jekundu, akalifudikiza juu ya kichanja cha vyombo. Asubuhi jirani yake Maryamu alipokuja kuomba moto aliliona, akaweka chini kijinga chake, akaanza kulia. Kufikia saa za adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa uani na wanawake wameshabandika sufuria. Mzee Muhsin aliongoza dua. Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Mwili, kama mama wa marehemu alivyowaeleza waliofika, ulikuwa Handeni, mzima wa afya, unafanya kazi.

Na ulifanya kazi. Jumamosi ile Kapteni alitangaza fainali bila picha kukwama hata kidogo. Midomo na sauti vilikwenda pamoja, magoli yalionekana, jasho lake lilionekana, na watazamaji waliongezeka mpaka wakawa hawasomeki majina. Kasha la kompyuta lilikuwa la baridi na halikunuka chochote. Wale wa Dar es Salaam waliandika kabla hajazima: kazi ni yako.

Jumapili alipigiwa simu na binamu yake Hashim.

"Pole na msiba," Hashim alisema.

"Asante. Msiba ulikwendaje?"

"Vizuri. Watu walikuwa wengi, hata Sindeni walikuja. Tulikuulizia."

"Nilikuwa kazini."

"Ndivyo tulivyosema," Hashim alijibu, na wakazungumza habari za mvua.

Siku zikaenda. Faraji aliacha kusajili laini, akanunua taa na kiti cha pili, ambacho alikitundikia mashati. Kila jioni alikuwa hewani na kila jioni picha ilikuwa safi. Akishazima, alifungua ubavu wa kasha akachungulia. Mle ndani mlikuwa na feni, waya na vumbi kidogo. Alikuwa akichungulia muda mrefu kuliko fundi yeyote, kisha anafunga skrubu na kulala. Angeweza kumwambia mtu, lakini wa kumwambia ni mama, ambaye yeye mwenyewe alimwambia aache.

Siku moja alipata mapumziko, akapanda gari ya Korogwe, akachukua ya Magoma, na adhuhuri akawa Kerenge. Kweli haikuwa safari. Alibeba sukari, kanga na mchele. Njiani watu walimsalimia kwa heshima wanayopewa wageni wa msibani, wakamwonyesha nyumba, ingawa alizaliwa ndani yake.

Mama Zuena alikuwa uani anapembua mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko simu ilivyosema. Aliinuka, akampokea mzigo, akamtandikia mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umechelewa, arobaini imeshapita, lakini mwenye kuja hachelewi."

Faraji aliketi. Alikuwa ameandaa maneno tangu gari lilipopita Sindeni, ila yote yalikuwa maneno ya mtu aliyerudi, na hapa hakuna aliyemngoja. Akasema lile moja lililobaki.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa." Akarudi kwenye ungo wake, akapepeta kidogo, makapi yakaruka. "Ulikuwa unamfahamu mwanangu?"

"Kidogo," Faraji alisema.

Mama Zuena alimtazama vizuri, paji, bega, mkono, kisha mdomo, kwa mpangilio kama wa mtu anayehakiki vyombo vyake baada ya shughuli.

"Unafanana naye sana," alisema. "Alikuwa mcheshi. Mwishoni maneno yake sikuyashika, lakini alikuwa anacheka."

Walikaa. Kuku walikuja kuokota mahindi, na Mama Zuena aliwafukuza kwa majina. Moshi wa jiko ulikuwa ukitoka taratibu, na Faraji aliujua mchunga ule kabla haujaiva. Mate yalimjaa mdomoni. Alitaka kusema mimi ndiye, nipakulie, na neno lilifika mpaka kwenye meno, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeomba, na kwa mdomo huohuo.

"Ningekukaribisha chakula," Mama Zuena alisema akiangalia jikoni, "ila niwie radhi. Siku hizi napika cha mtu mmoja."

Faraji akasema asijali, ana gari ya kuwahi, jioni yuko kazini. Mama Zuena akajifunga kanga vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni anavyosindikizwa, na gari ya kutoka Magoma ilipotokea akampa mkono kwa mikono miwili.

"Ahsante kwa kuja," alisema. "Wasalimie nyumbani."

"Zitafika, mama," Faraji alisema, akapanda.