Boti la Matumbo Mawili

Mjukuu wangu Kanze amebuni boti pana la matumbo mawili, yaani viboti viwili vyembamba vinavyoelea sambamba. Linapakiwa kwenye tela vipande vipande, na likifika ufukoni linaungwa kwa vyuma viwili. Mnunuzi amesema atalichukua akiona linaungwa na watu wawili tu. Basi kila jioni, hapa uani Utange, mtu wa pili ni mimi, bibi yake, anayeniita Hawe.

“Ukiweza wewe, Hawe, nani atashindwa?”

Leo nimeinua chuma mpaka magotini, mikono ikakataa. Nikaketi juu ya tumbo la boti.

“Kimekushinda?”

“Kinanishinda tangu juzi, mwanangu. Nilikuwa nakuonea huruma.”

Kanze alikitazama kile chuma, kisha akaleta msumeno. “Nakikata katikati, tutakiunga kwa bolti. Halafu utakijaribu tena?”

“Nitakijaribu. Lakini kwanza niache nikae.”