Adabu kwa Mzee Hadi

Siku ya pili ya likizo ya Agosti, Mzee Hadi alikitia kufuli kiwanja chake kitupu pale Bofu, akaupasua mpira wa watoto kwa kisu, kisha akapaza sauti mtaa mzima usikie, "Likizo ni ya tuisheni! Hawa hawana adabu kwa sababu mama zao hawana."

Dhahabu alikuwa akiepua mahamri mlangoni pake, hatua kumi tu kutoka hapo. Wanawe watatu walikuwa wamesoma muhula mzima, alfajiri mpaka magharibi, naye alikuwa amewaahidi mwezi mmoja wa kucheza tu, basi. Leo mtu anawafungia, na juu yake anamtukana! Damu ilimchemka. Aliwaita watoto wote wa mtaa, akawanong'oneza, kisha akampa kila mmoja hamri la moto.

"Adabu ndiyo anayoitaka? Ataipata mpaka imtoke puani."

Tangu hapo, kila Mzee Hadi alipojinyoosha barazani kupumzika, mtoto alipita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Dakika haijesha, huyo mwingine. Wakienda dukani, wakirudi, wakitumwa kiberiti. Watoto ishirini na saba, wamesimama wima, mikono nyuma. Angefanyaje? Mtu wa ukoo wa heshima kama wake hainyamazii salamu ya mtoto. Msikitini wangesema nini? Alihamia chumbani, wakamwamkia dirishani. Dhahabu, huku akikanda unga, alizisikia marahaba zikififia, akacheka peke yake. Wallahi hakumwonea huruma hata chembe.

Siku ya nne, watu wakitoka kuswali alasiri, Anis wa miaka minne alisimama mbele ya mzee kwa mara ya tisa.

"Sikamoo, babu."

"Potea hapa!"

Watu wakasimama. Dhahabu akatoka na unga mikononi.

"Yarabi! Mtoto amekuamkia, nawe wamfukuza? Ndivyo alivyokufunza mama yako?"

Mzee Hadi alizitazama nyuso za jirani zake, asione hata mmoja wa kumtetea. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akamkabidhi Dhahabu.

Watoto wakapiga kelele za furaha, wakatimka kwenda kiwanjani, wote wakipita mbele ya baraza ile. Mzee akainua kichwa, mdomo umeshafunguka kuitikia. Hakuna aliyemtupia hata jicho. Dhahabu aliyaona hayo, na roho yake ikaburudika.