Mbuzi Aliyeipa Sufuria Mgongo

Mvua ya mawe ilipokivunja kioo kilichochorwa nembo za koo kwenye dirisha la jikoni, Madlaina aliokota vipande. Kwa aibu kidogo, akagundua kwamba amefurahi.

Kioo hicho yeye na mumewe, Gion-Risch, walipewa na wakwe zake siku walipohamia nyumba hii, kama ilivyo desturi ya bonde lao: ngao ya mume na ngao ya mke, ubavu kwa ubavu. Ya Gion-Risch ilikuwa na mbuzi-mwitu mweusi wa ukoo wake. Ya Madlaina ilikuwa na sufuria ya shaba, maana kwao ni wapika jibini tangu enzi na enzi. Adabu ya wachora nembo ni kumgeuza mnyama wa mume amwelekee mke. Lakini baba mkwe, mzee aliyejaa kiburi hadi kooni, alikataa katakata.

"Mbuzi wetu hamgeukii mtu," alisema, "sembuse sufuria!"

Gion-Risch, kijana wakati ule, alitazama viatu vyake akanyamaza. Basi maisha yote ya ndoa Madlaina ameosha vyombo akitazamana na makalio ya mbuzi.

Sasa mumewe, mzee wa magoti mabovu, alikuwa amevaa koti la kwenda mjini kwa mchora vioo.

"Utamwambia achore nini?" Madlaina aliuliza.

"Mbuzi na sufuria. Kwani kuna kingine?"

"Hakuna." Akamfunga vifungo vya koti. Alitamani kumwomba amgeuze mbuzi, ila akaona jambo kama hilo likiombwa halina raha yoyote. Alitaka litoke kwake mwenyewe.

Kioo kilipokuwa tayari, Gion-Risch alimfukuza jikoni, akagongagonga dirishani na kulaani misumari.

"Haya, bibi. Njoo ukague."

Mbuzi alikuwa amegeuka. Tena alikuwa ameinamisha kichwa, pua yake ikikaribia ukingo wa sufuria.

"Mbona kainama?"

"Anakunywa maziwa. Mchoraji kapiga kelele, eti nembo hazichorwi hivyo. Nikamwambia huyu mbuzi ni wangu, na ana kiu."

"Angekuona baba yako!"

"Angenitimua." Gion-Risch alitazama viatu vyake, kama siku ile, ila safari hii hakunyamaza. "Nilitakiwa niseme, Madlaina. Nilikuona ulivyokitazama kile kioo. Kila siku nilikuona."

Machozi yalimtoka Madlaina, wala hakuyafuta. Miaka yote alidhani uchungu ule ni wake peke yake.

"Mzee mjinga," alisema, akamshika shavu, kisha akarudi kuosha vyombo kwenye beseni.

Gion-Risch akakivuta kiti chake, ambacho siku zote kilielekea mlangoni, akakiweka kando ya beseni, akakaa.

"Usinitazame hivyo," Madlaina alisema. "Nitavunja kikombe."

"Vunja tu," akajibu. "Nipo."